Uzi: Programu za afya ya akili kazini, tuzifuate athari zake mpaka nyumbani kwa mtumishi

Katibu wa Tawi (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Poleni na majukumu.

Mimi ni mtumishi hapa Dodoma, na pia ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye taasisi yetu. Kwa hiyo naingia baraza la wafanyakazi, na makabrasha ya mambo haya yanapita mikononi mwangu. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, leo naliweka hapa tulijadili kwa kirefu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu arudi baadaye.

Ofisi nyingi hapa mjini sasa zina kitu kinachoitwa programu ya afya ya akili. Kuna zinazoleta mtaalamu mara moja kwa mwaka, hasa ikikaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kuna zenye mnasihi wa kudumu. Kuna zinazofanya bonanza la Jumamosi, mnakimbia, mnavuta kamba, mnakunywa supu, mnarudi. Sipingi hata kimoja. Bonanza lina faida zake, na mtu mpweke aliyehamia hapa bila ndugu anaweza kupata rafiki wa kwanza kwenye timu ya kuvuta kamba.

Shida yangu ni namna tunavyozipima. Tunahesabu waliosaini karatasi ya mahudhurio, tunapiga picha ya pamoja, tunaandika taarifa. Ukitaka kujua programu imefanya nini hasa, nenda kamuulize mke wa dereva, mtoto aliyebaki Dar kwa bibi yake, jirani yako wa meza ya pili, na dada wa usafi ambaye hata hakualikwa. Programu ikigusa namna kazi inavyopangwa, nyumba nzima inapumua. Ikigusa kichwa cha mtumishi peke yake, mzigo unabaki palepale, halafu anaongezewa mwingine: wa kuonekana yuko sawa.

Kwa sisi wa Dodoma hili lina uzito wake. Uamuzi wa makao makuu kuwa hapa ni wa 1973, lakini kishindo chenyewe kilikuja baada ya Julai 2016, Hayati Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia kweli. Watu wakafungasha. Wengi waliacha mke au mume Dar kwa sababu naye ana ajira yake, au watoto wapo katikati ya shule. Ikawa kodi mbili, majiko mawili, na mshahara uleule. Treni ya SGR imepunguza adha ya safari tangu 2024, siku hizi mtu anatoka ofisini Ijumaa na usiku uleule yuko na wanawe. Lakini nauli ni nauli, na Jumapili jioni ni ileile. Ongeza hapo mtu anayedai fedha za uhamisho miaka na miaka, au aliyekwama kupanda daraja, au aliyeingia mikopo kausha damu baada ya makato kumla mshahara wote. Mtu huyu ukimwita semina ukamfundisha kuvuta pumzi kwa hesabu, atavuta. Atatoka pale na deni lake.

Niwape mfano nilioushuhudia. Sitataja taasisi.

Aliletwa mtaalamu, mtu mzuri sana, anajua kazi yake. Tukagawiwa fomu ya maswali tisa, ile ya kupima sonona: wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo, umeshindwa kulala, umejiona huna thamani, mpaka lile la tisa linalouliza kama umewaza kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Maswali hayana tatizo, yanatumika duniani kote. Tatizo lilikuwa juu ya karatasi. Jina. Cheo. Kitengo. Namba ya simu. Na anayezikusanya ni katibu muhtasi wa mkuu wa idara, ana bahasha ya kaki iliyo wazi. Jirani yangu, ambaye najua fika hali aliyokuwa nayo wakati ule, aliitazama ile bahasha, akashika kalamu, akapiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini kwenye safu ya "hapana kabisa". Sekunde tatu, amemaliza.

Taarifa ilipokuja barazani ikasema watumishi kwa ujumla wako vizuri. Bajeti iliyofuata, fungu la mnasihi likapunguzwa, maana watu wako vizuri. Mnaona hapo? Zoezi lililokuja kusaidia limegeuka kuwa ushahidi kwamba msaada hauhitajiki. Na walioumia zaidi ni wale wachache waliokuwa wanamfuata yule mnasihi kimyakimya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwaka 2022. Kuhusu kuwapima wafanyakazi kwa fomu za namna hii, mwongozo haukusema fanyeni wala msifanye, kwa sababu haijathibitika kama faida inazidi madhara. Ulichopendekeza kwa nguvu ni kuwafundisha wasimamizi, na ukaelekeza pia kuangalia kazi yenyewe ilivyopangwa. WHO na Shirika la Kazi Duniani wanakadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 zinapotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza. Hizo ni siku za kazi tu. Siku za nyumbani, za mzazi aliyekaa sebuleni lakini hayupo, nani anazihesabu?

Kuna utafiti mwingine ulionifanya nikae nifikiri. William Fleming wa Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza. Akawalinganisha walioshiriki programu za kumjenga mtu binafsi, yaani mafunzo ya ustahimilivu, semina za kudhibiti msongo, programu za simu za kutuliza akili, na wenzao wasioshiriki. Walioshiriki hawakuwa na hali bora. Kitu pekee kilichoonekana kwenda na hali nzuri ni kupewa nafasi ya kujitolea kwa jamii. Ni utafiti wa kupiga picha ya wakati mmoja, haumalizi mjadala, lakini mtu anayesaini hundi ya semina ya ustahimilivu ausome kwanza.

Waingereza haohao walianza mwaka 1985 kuwafuatilia watumishi wa serikali 10,308 wa London, utafiti unaoitwa Whitehall II, chini ya Michael Marmot. Hawa ni watu kama sisi: wana ajira ya kudumu, wana ofisi, wana matibabu. Hata hivyo, kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo maradhi yanavyozidi. Na sehemu kubwa ya maelezo ya ugonjwa wa moyo ilikuwa ni usemi: mtumishi ana sauti gani kwenye kazi yake, anaweza kuamua nini aanze nacho, lini apumzike, nani amsaidie. Nikisoma hayo naiona Mtumba yote, huo mji wa ofisi za serikali hapa Dodoma, majengo kwa majengo.

Sasa upande wa kilichofanya kazi, maana sikuja hapa kulalamika tu.

Sehemu moja ninayoifahamu walianza na madereva badala ya semina. Walikuwa wanakwenda Dar na kurudi na viongozi, kilomita 450 kwenda, usiku, halafu kesho yake yuko tena barabarani. Wakapanga zamu, wakakataza safari za usiku isipokuwa za dharura, na afisa anayeweza kupanda treni akapanda treni. Hakuna aliyetamka neno afya ya akili. Dereva mmoja pale ni mtu wa karibu yangu. Zamani akirudi saa tisa usiku analala mpaka mchana, watoto wanaambiwa msipige kelele baba amelala, mke anaamka kufungua geti na usingizi haurudi tena. Baada ya zamu kupangwa, asubuhi anawapeleka watoto shule na pikipiki yake mwenyewe. Mke akafungua tena genge lake la mbogamboga alilokuwa amelifunga, kwa sababu sasa saa kumi na moja anaweza kuamka kwenda sokoni Majengo akiwa amelala usiku kucha. Kipato cha nyumba kimepanda kwa sababu ratiba ya magari ya ofisi imebadilika. Athari ya namna hii huikuti kwenye karatasi ya mahudhurio.

Kingine ni grupu la WhatsApp la idara. Wenye akili walikubaliana kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni hakuna maagizo ya kazi mle ndani, na mwenye dharura apige simu. Ufaransa wana sheria tangu Januari 2017 inayotaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zikubaliane nao juu ya haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Sisi hatuhitaji kungoja Bunge kwa hili. Ujumbe wa saa tano usiku, "taarifa hii naihitaji saa mbili asubuhi", unaingia kwenye simu iliyo kitandani katikati ya watu wawili.

Kuna athari mbaya pia tuziseme wazi. Mtu akipewa mapumziko ya kiafya na kazi zake zikamwagwa kwenye meza ya mwenzake bila mpango, baada ya muda mfupi utasikia minong'ono: anajifanya mgonjwa, na sisi tuna matatizo. Akirudi anakuta chuki. Kwa hiyo programu isiyo na mtu wa kushika nafasi inazalisha mgonjwa wa pili, halafu inawafanya wote waogope kuomba mapumziko. Na wale waelimishaji rika, wenzetu waliochaguliwa kusikiliza wengine, nani anawasikiliza wao? Namjua dada mmoja anabeba siri za idara nzima. Anaondoka nazo nyumbani.

Mwisho, tuna mfano wetu wenyewe hatuutumii. UKIMWI. Tulipoanza programu za UKIMWI mahali pa kazi watu walijificha vilevile. Waliosogea walisogea kwa sababu dawa zilikuwepo na ni bure, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilizuia kumpima mtu kwa lazima na kutoa siri ya majibu yake. Siri ikilindwa na msaada wa kweli ukiwepo, mtu anajitokeza mwenyewe. Mabango na fulana vilikuwa nyongeza.

Kwenye afya ya akili tumeanza na fulana.

Naomba michango. Kazini kwako ilipoletwa programu hii, ni nini kilibadilika kwenye kazi yenyewe? Na nyumbani?

Nesi wa Zamu

Mkuu umeandika vitu vizito. Mimi nipo upande wa kupokea wagonjwa, naomba nichangie mawili.

La kwanza ni jina. Hapa Dodoma mtoto mdogo anajua kutukana kwa jina la Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini mtu wa kawaida akiambiwa nenda pale anaona maisha yake yamekwisha. Hajui kwamba kuna watu wengi wanakuja asubuhi, wanaonana na daktari, wanachukua dawa, wanarudi kazini mchana, na mezani kwao hakuna anayejua. Miaka yote watu wanaletwa wamechelewa: familia imeshazunguka kwa waganga, kwa maombi, imeuza mbuzi na kiwanja, na mgonjwa kashapoteza kazi.

Ninachokiona kwa ofisi zenye mnasihi anayeaminika ni kwamba mtu anakuja mapema, kwa miguu yake, mara nyingi kasindikizwa na mwenzake wa kazini. Huyo mwenzake anakaa kwenye benchi anangoja, anaangalia, anaona ni hospitali kama hospitali. Anarudi kijijini kwao na habari hiyo. Athari za mbali ndizo hizo, mkuu.

La pili ni lile swali la tisa. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, jaribio la kujiua bado ni kosa la jinai hapa kwetu. Kuwaza siyo kosa, lakini mtu aliyepitia hayo hawezi kuliandika kwenye karatasi yenye jina na cheo chake. Atakuwa anajiandikia mashtaka, kwa anavyoelewa yeye. Mnaoandaa hizo fomu mjue mnauliza nini na mnamuuliza nani.

Na kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na mawazo hayo sasa hivi: usikae nayo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na mwende hospitali yoyote iliyo karibu, siyo lazima iwe ya akili. Watakupokea.

Mzee wa Area C

Vijana, mimi ni mstaafu. Tulihamishwa Kigoma, Lindi, Mbeya, barua inakuja leo wiki ijayo umeripoti. Hatukuwa na mnasihi. Tulikuwa na jirani, tulikuwa na kanisa na msikiti, na mkuu wa kazi alikuja msibani kwako akakaa chini kwenye mkeka. Sioni kwa nini leo mtu alipwe ili akusikilize. Rudisheni utu ofisini, hayo mengine yatajiseti.

Katibu wa Tawi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Mkuu wa kazi aliyekaa kwenye mkeka ndiye anayekosekana, na anaweza kufundishwa. Kule New South Wales, Australia, waliwapa wasimamizi wa zimamoto mafunzo ya saa nne tu: namna ya kuongea na mtu wako anayeyumba, namna ya kumpigia akiwa nyumbani mgonjwa bila kumtisha. Utafiti wake ulichapishwa 2017. Ndani ya miezi sita likizo za ugonjwa zinazotokana na kazi zikapungua kwa watu waliokuwa chini ya wasimamizi hao. Wafanyakazi wenyewe hawakufundishwa chochote.

Ila mzee wangu, kuna la kukuongezea kwa heshima. Enzi zenu mlihamishwa na familia, mkapewa nyumba ya serikali, jirani yako ni mtumishi mwenzako, watoto wanacheza pamoja. Leo kijana anapanga chumba Nkuhungu au Nzuguni, jirani hamjui, familia iko mbali. Ule ujirani uliowabeba haukuhamishwa pamoja naye. Na kuna ugonjwa usioondoka kwa jirani mwema peke yake, unataka daktari, kama kisukari kinavyotaka. Sheikh au mchungaji anayejua lini aseme "twende hospitali" ni wa thamani kubwa kwenye programu hizi, na ningependa waalikwe zaidi.

Nesi, ahsante sana dada. Hilo la 217 nalipeleka barazani kama ulivyoliandika.

Mwalimu wa Bahi

Naona mnaongelea Mtumba. Huku kwetu hakuna semina wala bonanza. Programu yetu ya afya ya akili ni mkuu wa shule. Akiwa mtu, mnaishi. Akiwa mkali wa kukomoa, walimu wanaomba uhamisho mmoja mmoja mpaka shule inabaki na watatu, halafu hao watatu wanabeba madarasa yote, halafu nao wanaugua. Watoto wa kijiji ndio wanaolipa mwisho wa siku. Mtoto wa la kwanza akikosa mwalimu wa kumfundisha kusoma mwaka huo, hilo pengo linamfuata.

Jambo lililotusaidia ni dogo mno. Zamani kufuatilia dai lolote lazima uende halmashauri, nauli yako, siku yako, unaambiwa mhusika hayupo njoo Alhamisi. Wakaanza utaratibu wa afisa utumishi kuja kwenye kata, anakaa darasani na faili zake, mwalimu anaulizia jambo lake anajibiwa palepale. Wengi hawakulipwa siku ile. Lakini mtu alijua dai lake liko wapi na limekwama kwa nini. Nilimwona mwenzangu mmoja anatoka mle ndani amenyooka mgongo. Nasema kweli, kutojua kulikuwa kunamuumiza kuliko zile fedha.

Rasilimali Watu Binafsi

Nipo sekta binafsi, natokea upande wa mwajiri. Nitasema ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusema.

Mwajiri anakubali programu hii akiambiwa itapunguza utoro. Kwa hiyo toka siku ya kwanza macho yake yako kwenye rejista. Ndipo linapokuja swali: nani anamtembelea mnasihi? Nimeulizwa hilo na bosi, uso kwa uso. Nilichofanya ni kuandika kwenye mkataba wa mtoa huduma kwamba sisi tunapokea jumla tu, watu wangapi kwa robo mwaka, bila majina, bila vitengo, na ofisi ya kuonana naye iwe nje ya jengo letu. Hapo ndipo watu walianza kwenda. Kabla ya hapo chumba kilikuwa kinatazamana na dirisha la masijala. Nani angeingia?

Tuna nguvu ya sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ipo. Fomu ya kwenye bahasha ya kaki aliyoisimulia mleta mada ni hatari kwa mwajiri mwenyewe.

Kwa wafanyakazi wa binafsi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Sitini na tatu za mwanzo kwa mshahara kamili, sitini na tatu zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Sheria haijasema ugonjwa wa mwili tu. Sonona iliyoandikwa na daktari ni ugonjwa. Wengi wanatumia likizo yao ya mwaka kujiuguza kimyakimya, halafu mwaka ukiisha hawana hata siku moja ya kwenda kuona wazazi. Hili linaniuma kila nikipitia faili.

Katibu wa Tawi

Mkuu umenipa kitu cha kufanyia kazi. Hicho kipengele cha "jumla tu, bila majina, bila vitengo" nakiomba neno kwa neno kama kilivyo kwenye mkataba wenu, ukitoa jina la kampuni. Vitengo vidogo ni muhimu, wengi wanasahau: ukisema watu wawili wa kitengo chenye watu watatu wamemwona mnasihi, umeshawataja.

Mwalimu, hilo la afisa utumishi kuja katani ningetamani wenye mamlaka walisome. Ule utafiti wa Whitehall niliousema unaingia hapo moja kwa moja. Mtu anayejua jambo lake lilipo ana neno la kusema juu yake.

Mlinzi wa Geti

Samahani wakuu, mimi ni mlinzi wa kampuni, nimewekwa kwenye jengo la ofisi hapa mjini. Hizo semina zikifanyika mimi ndiye nafungua ukumbi na kupanga viti. Sijawahi kualikwa, wanasema nyie ni wa kampuni. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Mtoto wangu wa mwisho ananiona Jumapili tu. Swali langu: kuna namna yoyote sisi tunaingia kwenye hizi programu, au tusubiri?

Katibu wa Tawi

Ndugu yangu, usiombe samahani. Wewe na dada wa usafi ndio niliowasema mwanzoni kabisa.

Nianze na saa zako, kwa sababu kabla ya mnasihi kuna hesabu. Saa 12 mara siku sita ni saa 72 kwa wiki, kwa wiki nne ni 288. Sheria hiyohiyo ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Jumla yake ni 230. Wewe unazidi kwa saa 58. Angalia pia kwenye karatasi yako ya mshahara kama hizo za ziada zinalipwa, maana zinatakiwa kulipwa si chini ya mara moja na nusu, na usiku una nyongeza yake ya asilimia tano.

Kuhusu programu: mkataba wako ni wa kampuni, lakini kampuni ina zabuni na ofisi. Ofisi inaweza kuandika kwenye zabuni kwamba mtu yeyote anayefanya kazi ndani ya jengo anaruhusiwa kumwona mnasihi, na kwamba zamu zisizidi kiwango cha sheria. Kwetu zabuni ya ulinzi inafanywa upya mwaka huu wa fedha, na hilo nitalipeleka liandikwe. Litapingwa kwa hoja ya gharama, najua, kwa sababu zamu tatu zinataka walinzi wengi kuliko mbili. Nitataka kuonyeshwa hiyo tofauti kwa shilingi, mezani, mbele ya baraza.

Kwa sasa njoo inboksi na ratiba ya zamu zako za mwezi huu. Jina la kampuni usiliandike hapa. Na kama kuna wenzako kwenye jengo hilohilo wenye saa kama zako, waje nao, tukiwa na ratiba za watu kadhaa afisa kazi atatusikiliza vizuri zaidi kuliko ya mmoja.